Mwaka wa Kwanza wa Kumwachia Kijana Pesa za Nguo

Ugomvi wa nguo kati ya mzazi na kijana wa miaka 13 au 14 huonekana kama ugomvi wa pesa. Ukiusikiliza vizuri, ni ugomvi wa mipaka: nani anachagua, kipi ni cha lazima, kipi ni cha kupendeza tu, na kikiharibika kitanunuliwa kwa mfuko wa nani. Kijana akipewa pesa kabla ya maswali hayo kujibiwa, zogo la sokoni huja tu kumalizikia sebuleni. Kwa hiyo kazi huanza nyumbani, wiki mbili hivi kabla shule hazijafungwa Aprili, na hakuna shilingi inayotoka siku hiyo.

Toeni nguo zake zote mziweke kitandani, hadi zile zilizosahaulika chini ya sanduku. Azijaribu moja moja. Usimwulize kama anaipenda nguo. Muulize aliivaa lini mara ya mwisho. Nguo inabaki kwenye hesabu ikiwa inamtosha, haijachakaa, na anaivaa kweli. Wavulana wa umri huu hurefuka ghafla, na nyayo hutangulia mwili, kwa hiyo viatu vikianza kumbana leo, ujue suruali nazo ziko njiani. Kisha chukueni daftari mwandike alicho nacho, anachohitaji, na pengo lililobaki katikati. Pengo hilo ndilo bajeti. Kiasi ambacho jirani anampa mwanawe hakihusiki.

Huu hapa mfano wa mvulana wa kutwa, anayeishi Kisumu, ambaye kabati lake limebaki na vitu vichache. Bei ni za kukadiria kwa mitumba ya kawaida, si zile bora za bei ya juu zinazoitwa kamera. Jinzi 2 kwa shilingi 450 kila moja ni 900. Kaptura 2 za kushinda nyumbani, 400. Tisheti 5 kwa 150, jumla 750. Shati 2 za kanisani au za sherehe, 700. Hudi 1, 500. Raba jozi moja, 1,500. Ndara jozi 2, 300. Boksa 6 mpya, 600, na soksi jozi 4, 200. Fundi wa cherehani atengewe 300 na nauli 350. Hapo umefika 6,500. Ongeza 700 za dharura, zinazobaki kwako mzazi na ambazo huzitaji kila wakati, upate 7,200 kwa mwaka mzima. Kwa msichana ongeza sidiria 3 mpya, kama 750 hivi, na usishangae zikitakiwa nyingine kabla mwaka haujaisha.

Nguo za ndani zinunuliwe mpya, hili halina mjadala. KEBS, shirika la viwango la Kenya, hairuhusu mitumba ya nguo za ndani kuuzwa nchini, hata kama utaziona zimetandazwa kwenye gunia.

Vya kubaki nje ya bajeti ni muhimu kuliko vilivyo ndani, na hapa ndipo familia nyingi hukwama. Sare ya shule, sweta yake, viatu vyeusi vya ngozi na nguo za michezo vibaki kwa mzazi. Shule ndiyo inayoamua rangi na mshono, mara nyingi na duka pia, kwa hiyo kijana hana la kuchagua pale, na pesa isiyo na uamuzi haimfundishi kitu. Pedi zisiingie kabisa: msichana asiwekwe mahali pa kupima pedi dhidi ya blauzi. Koti la mvua nalo ni la mzazi, kwa sababu hakuna kijana atakayelinunua kwa hiari yake, na mvua za Machi hadi Mei hazingoji.

Anayesoma bweni huvaa nguo za nyumbani kwa miezi mitatu au minne tu kwa mwaka. Orodha yake ikatwe karibu nusu, ila viatu na nguo za ndani. Lakini angalia shule iko wapi. Mtoto wa Kisumu anayepelekwa Kericho au Molo hukuta baridi asiyoijua, na sweta anazoruhusiwa kuvaa huko ni mahitaji ya shule, hazitoki kwenye pesa zake. Wazazi wa Nakuru wanalijua hili tangu mwanzo: kwao hudi si pambo.

Mkishamaliza karatasi, andikeni pia vitu unavyokataza, na viwe vichache. Vitatu vinatosha. Kila nyumba ina vyake: jinzi iliyochanwa mapajani, blauzi inayoacha tumbo wazi, fulana yenye maandishi ambayo mwenyewe hajui maana yake. Kimoja kiwe kwenye kila karatasi: nguo za madoadoa ya kijeshi. Huwa zinajitokeza kwenye marobota, zinapendeza, na muuzaji hatakuonya. Sheria ya Kenya inakataza raia kuvaa sare ya jeshi au vazi linalofanana nayo bila ruhusa, na kijana barabarani hana maneno ya kumweleza askari. Nje ya orodha hiyo, nyamaza. Vazi lililokwisha nunuliwa halipigiwi kura ya kulikataa. Ukilikataa mara moja tu, atajua kwamba pesa hazikuwa zake.

Usimpe zote kwa mpigo. Mwaka wa kwanza ugawe kwa likizo tatu, na kila likizo uongeze aina ya nguo, si kiasi cha pesa peke yake. Aprili mpe tisheti na kaptura: 1,150 na nauli ya 100. Makosa ya tisheti ni ya shilingi 150, na kijana anahitaji kukosea pale ambapo kosa ni la bei nafuu. Agosti mpe jinzi na hudi, pamoja na pesa za fundi na nauli, jumla 1,600. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka apewe raba, shati za kanisani na ndara, na salio la fundi na nauli, jumla 2,850. Nguo za ndani na soksi, zile 800, zishike wewe mwaka huo wa kwanza. Vijana huziruka. Atakuja na hudi mpya juu na boksa iliyolegea mpira chini, na hutajua mpaka siku ya kufua.

Basi Aprili imefika, na kwa Kisumu hiyo ina maana ya Kibuye, siku ya Jumapili, siku kubwa ya soko. Nenda naye mara ya kwanza, lakini ukae nyuma. Mwache ashike pesa, mwache aseme yeye. Wengi wetu hufika baada ya ibada, saa nane hivi, na hapo kamera zimekwisha ondoka. Kamera ni nguo bora zinazochaguliwa mwanzo robota likifunguliwa. Bei yake ni juu na muuzaji hatingishiki. Zinazobaki hushuka bei kadiri watu wanavyopekua, hadi fagia, zile za mwisho za kumwagwa chini kwa bei ya kutupa. Kijana mwenye bajeti anunue katikati: baada ya kamera, kabla ya fagia. Kwenye fagia kuna tisheti ya shilingi 30, ndiyo, lakini atanunua sita na atavaa moja. Alasiri mawingu yakianza kujikusanya upande wa Nandi na wauzaji wakaanza kunyoosha maturubai, bei hulegea zenyewe.

Kupatana bei hujifunzwa kwa kusikia. Muuzaji akisema, "Kijana wangu, hiyo ni mia tatu," hakuna haja ya kushangaa kwa sauti wala kuitukana nguo. "Anti, niko na mia na hamsini," inatosha, kisha kimya. Anti atashuka kidogo, kijana atapanda kidogo. Kinachoharibu ni mzazi kuingilia kutoka nyuma na kusema, "Mpe tu mia mbili hamsini, twende." Pia azunguke kwanza bila kununua, safu tatu au nne, ajue bei ya siku. Pesa ziwe za noti ndogo, mfuko wa mbele, na simu isitolewe kila dakika. Kwenye msongamano wa Jumapili kuna wanaokuja sokoni bila nia ya kununua.

Sasa nguo yenyewe. Inyanyue kuelekea jua uangalie matundu. Tazama kwapa, ukosi na pindo la mikono, halafu kwenye suruali tazama sehemu ya katikati ya mapaja, ambako kitambaa husagika mapema. Fungua na ufunge zipu mara tatu. Vuta mpira wa kiuno karibu na sikio: ukisikia unakatika-katika, umekwisha kufa hata kama unaonekana mzima. Jinzi ya kuvutika ikiwa na mawimbi magotini, nyuzi zake za mpira zimekufa, na hakuna pasi itakayoinyoosha. Kwa kuwa mara nyingi hakuna mahali pa kujaribia, suruali hupimwa shingoni: ifungwe kifungo, kiuno chake kizungushwe shingo, na ncha mbili zikikutana nyuma bila kubana wala kuachia, kwa wengi kiuno kitatosha. Kwa kijana anayekua hicho ni kipimo cha kuanzia tu. Aongeze nafasi ya vidole viwili, na aangalie upindo wa chini. Suruali yenye upindo mpana ndani inaweza kushushwa na fundi akirefuka. Iliyokatwa na kufumwa pembeni haina pa kwenda. Saizi iliyoandikwa kwenye lebo isimdanganye, maana nguo hizi zimetoka nchi tofauti na namba zao hazilingani. Abebe futi ya fundi mfukoni, au uzi uliokatwa kwa kipimo cha kiuno chake.

Nyumbani, kabla ya kuvaliwa, mitumba yote iloekwe kwa maji moto na sabuni, ianikwe juani kwa kugeuzwa ndani nje, kisha ipigwe pasi hadi kwenye mishono. Nyeusi zifuliwe peke yake mara ya kwanza.

Likizo ya kwanza kwa kawaida huenda vizuri, na hapo wazazi hujisahau. Agosti ndiyo mtihani, na mtihani wenyewe hauji Kibuye, unakuja kwenye simu. Kuna wauzaji wa mitumba kwenye TikTok, Instagram na WhatsApp, wengine waaminifu kabisa, ambao hupiga hudi picha nzuri na kuituma kwa matatu. Kanuni ni moja: hakuna kulipa kabla ya kuiona nguo kwa macho, isipokuwa kwa muuzaji ambaye mtu mnayemfahamu amenunua kwake. Kijana aombe vipimo vya nguo ikiwa imelazwa: upana wa kifua, urefu, na kwa suruali upana wa kiuno na urefu wa ndani wa mguu, kwa inchi. Kisha alinganishe na nguo yake inayomkaa vizuri. Muuzaji anayekataa kupima ila anaharakisha pesa, aachwe. Na nauli ya kifurushi iingie kwenye bei. Hudi ya 500 inayosafirishwa kwa 200 ni hudi ya 700.

Agosti pia ndipo pesa za nguo huanza kuwa chipsi, bando, na kwa wavulana, kubeti. Sokoni hakuna risiti, kwa hiyo msidai risiti. Dai daftari: tarehe, kitu, bei, salio, na nguo yenyewe ionekane. Akilipa kwa M-Pesa, ujumbe wake ni ushahidi tosha. Ukaguzi uwe mmoja tu, mwisho wa likizo, dakika kumi. Mzazi anayekagua kila siku amerudi kununua nguo mwenyewe, kwa njia ndefu. Daftari likiwa na shimo la shilingi 80, lipite. Likiwa na shimo la 600, awamu inayofuata inalipwa kwa vipande, kila kitu na pesa yake, hadi daftari litulie. Usimnyang'anye bajeti nzima.

Viatu ndivyo hula pesa, na kwa kuwa vinakuja mwishoni mwa mwaka, Krismasi inavikuta hapo hapo. Bei hupanda kadiri tarehe 25 inavyokaribia, basi mpe pesa shule zikifungwa tu, wiki ya kwanza, wala usisubiri bonasi. Apime mguu jioni, maana jioni mguu huwa umevimba kidogo: asimame juu ya karatasi, kalamu izungushwe, kisha upimwe urefu kutoka kisigino hadi kidole kirefu kwa sentimita. Aongeze sentimita moja. Raba nyingi huandikwa sentimita ndani ya ulimi wa kiatu, na namba hiyo inaaminika zaidi ya 40 au 41, ambazo hutofautiana kutoka kampuni hadi kampuni.

Halafu soli. Raba ya mtumba inaweza kuwa safi kama imetoka dukani na bado ikawa imekufa. Soli ya kati ya baadhi ya viatu hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki ambayo huoza polepole kwa unyevu hata kiatu kisipovaliwa, na kiatu cha aina hiyo kilichokaa miaka ghalani huweza kuwa kimeoza kutoka ndani. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikirudi taratibu, sawa. Ikibaki na alama, ikitoa unga, au ukiona nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, rudisha. Kikunje kiatu katikati na utazame kama gundi inaachia mbele. Harufu ya gundi mbichi na rangi iliyokolea kupita kiasi maana yake kimefanyiwa ukarabati jana. Si lazima ukikatae, ila bei ishuke.

Hata baada ya kuelezwa yote haya, kijana wako anaweza kuchukua 2,600 kati ya zile 2,850 akanunua raba moja, kwa sababu ndiyo wanayovaa wenzake. Jiandae kwa hilo kuliko lingine lolote. Wiki moja atakuwa mfalme. Wiki ya pili ataona hana shati la Krismasi, na nyumba itaingia kimya cha kuudhi, milango ikifungwa kwa nguvu zaidi kidogo kuliko kawaida. Baba atakumbusha kwamba yeye alivaa viatu kwa mara ya kwanza akiwa darasa la saba. Mama ndiye atakayeumia, maana pesa za kuongezea anazo kwenye simu na kanisani ni yeye atakayetazamwa.

Usiongeze. Zile 700 za dharura ni za nguo iliyoibwa kambani, iliyoungua pasi, au mwili uliorefuka kuliko hesabu. Si za raba. Lakini usimfungie njia pia. Anaweza kuuza raba hiyo kwa mwenzake, mradi akubali hasara. Anaweza kubadilishana shati na binamu. Anaweza kulipwa kwa kazi ambayo ungemlipa mtu mwingine, kama kufyeka ua au kuosha tangi la maji. Kuosha vyombo na kuteka maji ni wajibu wake, havilipwi. Ukimkopesha, iandikwe, isizidi robo ya awamu inayofuata, na ikatwe kweli. Wengine huenda kanisani Krismasi na shati la mwaka jana lililoshushwa mikono na fundi kwa shilingi 100, na hakuna anayekufa.

Tatizo jingine la Desemba ni ndugu. Shangazi anakuja kutoka Nairobi na begi la nguo, nyanya kule Siaya anampa mjukuu elfu moja "anunue kitu". Amueni mapema kwamba zawadi haipunguzi bajeti, la sivyo kijana atajifunza kuficha zawadi. Kinachofaa ni kuwaeleza ndugu mapema pengo liko wapi. Shangazi anayejua kwamba kinachokosekana ni shati saizi fulani hatabeba hudi ya nne. Jirani atakayesema unamharibu mtoto kwa kumpa pesa, muonyeshe daftari au mnyamazie.

Januari rudieni zoezi la kabati. Wakati huu ni rahisi, kwa sababu bei ziko kwenye daftari kwa mwandiko wake mwenyewe. Mwaka wa pili ongeza nguo za ndani na soksi kwenye fungu lake, na awamu ziwe mbili badala ya tatu. Januari yenyewe, wazazi wakiwa wamebanwa na karo, wateja hupungua na wauzaji hukubali bei ambazo Desemba wangekucheka. Kijana aliyebakisha shilingi 400 anaweza kupata jinzi nzuri wiki hiyo.

Linalobaki kuamuliwa ni nguo zilizomtoka. Kijana ataona ni zake, alizinunua yeye, na ana hoja. Mzazi mwenye watoto wengine anaona ni za mdogo wake. Njia inayofanya kazi ni kuzinunua: mlipe theluthi ya bei iliyo kwenye daftari kwa kila nguo ambayo mdogo wake ataivaa, iingie kwenye awamu yake ijayo. Jinzi ya 450 inarudisha 150. Ataanza kuzifua vizuri zaidi, na mdogo naye atataka kujua kwa nini kaka analipwa, na yeye bajeti yake inaanza lini.